Mwongozo wa Kupanga Njia ya Piti na Kuamua kwa Haki Katika Mbio za Magari, Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa watu watatu: mwandaaji anayetaka kuendesha mbio ndogo za magari katika mikoa yetu ya kusini, dereva atakayeshiriki, na mwamuzi atakayekaa mezani siku hiyo. Unahusu hasa njia ya piti, yaani kile kichochoro kilichotengwa kando ya njia ya mbio ambako magari huingia kubadilisha tairi, kujaza mafuta au kurekebishwa. Nimeichagua piti kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya mbio ambapo gari linalotembea na fundi aliyepiga goti chini hukaa pamoja kwa kupangiwa, na kwa sababu ugomvi mwingi wa matokeo huzaliwa hapo. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa haki hutengenezwa kabla ya injini kuwashwa, kwa mstari uliochorwa ukaonekana, kasi inayopimika na adhabu ambayo kila dereva aliisikia ikisomwa. Mwamuzi mwadilifu asiyekuwa na vitu hivyo atabaki kubishana na watu kuhusu alichokiona, na uadilifu wake hautamsaidia.

Mchezo wenyewe si mgeni nchini. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alizishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Mifano mingi ya hapa chini nimeitoa katika mbio za Langalanga, yaani Formula 1, kwa kuwa huko makosa ya piti yamerekodiwa vizuri na maamuzi yake yanajulikana, lakini vipimo ninavyopendekeza ni vya mbio ndogo zenye magari machache, mafundi wa gereji za mtaani na vifaa vinavyopatikana hapa hapa.

Hatua ya kwanza: kibali, mahali na majira

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ofisi husika zitakuelekeza. Chama cha magari cha taifa, AAT, ndicho mwanachama wa shirikisho la dunia, FIA, na ndicho cha kuanza nacho. Ukitaka kufunga barabara, jua kwanza ni ya nani: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA. Polisi wa usalama barabarani, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, afisa michezo wa halmashauri na hospitali ya karibu, iwe Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, wote wajulishwe kwa barua yenye tarehe, saa na ramani.

Majira yana uzito wake. Kuanzia Oktoba barabara za Masasi, Newala na Tandahimba hujaa malori ya korosho yanayoteremka kuelekea bandarini Mtwara, na baada ya hapo mvua huingia na kuendelea hadi Aprili au zaidi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa, ila ukumbuke kwamba ni majira ya kusi, na upepo huo una mambo yake katika piti kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: kuichora piti

Igawe piti katika njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni njia ya kupita, ambayo gari halisimami hata kidogo. Ya pili, iliyo upande wa vituo vya timu, ni njia ya kazi, ambamo gari husimama na mafundi hulihudumia. Kwa mbio ndogo napendekeza kila moja iwe na upana usiopungua mita nne, na kila kituo kiwe na urefu wa mita nane au zaidi, ili gari liweze kuingia na kutoka bila kurudi nyuma. Kurudi nyuma kwa nguvu ya injini ndani ya piti kupigwe marufuku kabisa. Gari lililopitiliza kituo chake lisukumwe kwa mikono.

Mistari ichorwe kwa chokaa iliyokorogwa na maji, kama inavyofanywa katika viwanja vya mpira. Chokaa kavu haidumu: kwenye udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde inaonekana vizuri asubuhi, lakini kusi likianza kuvuma na magari mawili matatu yakipita, mstari umekwisha. Kwenye mchanga wa pwani hata chokaa ya maji hufifia upesi, kwa hiyo huko weka koni kila baada ya mita tano na umpe mtu mmoja kazi ya kuurudishia mstari kila mbio inaposimama. Usitumie kamba chini. Fundi anayekimbia na tairi mkononi hataiona.

Mistari mitatu isikosekane. Wa kwanza ni mstari wa kuingilia, unaoonyesha mahali ambapo kikomo cha kasi kinaanza. Wa pili ni wa kutokea, ambapo kikomo kinaisha. Wa tatu ni mstari mrefu unaoendelea baada ya kutoka, ukilitenganisha gari linalotoka piti na magari yaliyo kasini, na ambao dereva hapaswi kuuvuka hadi uishe. Mahali pa kutokea pawe kwenye sehemu iliyonyooka na inayoonekana kutoka mbali. Ukiweka njia ya kutokea mara tu baada ya kona, umempa mwanabendera, yaani yule anayewapa madereva ishara kwa bendera, kazi isiyowezekana, hasa vumbi linapokuwa zito.

Baada ya mistari, shughulikia watu. Mwaka 2013, katika mbio za Ujerumani zilizofanyika Nürburgring, gari la Mark Webber liliondoka kituoni huku tairi moja halijafungwa sawasawa. Tairi hilo likachomoka, likabingirika katika njia ya piti na kumgonga mpiga picha wa televisheni aliyekuwa ameligeuzia mgongo. Baada ya tukio hilo waandishi na wapiga picha waliwekewa masharti makali ya kukaa katika piti. Kwetu sisi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mbio zikifanyika mtaani kila mtu ana ndugu kwenye timu fulani, na watoto hupenya popote. Kwa hiyo anayeingia piti awe na kizibao cha reflekta chenye namba, awe na kazi inayojulikana, avae viatu vilivyofunika vidole, na asimame akiyatazama yanakotokea magari. Asiye na kizibao atoke, hata kama ni mfadhili. Wauza maji, mama lishe na wakaanga samaki watengewe eneo lao nje ya uzio, na waelezwe sababu kwa heshima siku moja kabla, si kufukuzwa magari yakiwa yameshapangwa.

Hatua ya tatu: kuweka kikomo cha kasi na kukipima

Katika Langalanga, kikomo cha kasi ya piti wakati wa mbio kilikuja baada ya mbio za Imola za Mei 1, 1994, siku ile ile aliyofariki Ayrton Senna. Katika mbio hizo hizo, gari la Minardi la Michele Alboreto lilipoteza tairi likiwa linatoka piti kwa kasi, na mafundi wa timu nyingine wakajeruhiwa. Leo kikomo chao cha kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na Monaco, ambako piti ni nyembamba, ni 60. Wao wana lami, kuta za zege na mafundi waliovaa helmeti. Kwa piti ya changarawe yenye mafundi waliovaa ovaroli tu, kikomo kisizidi kilomita 30 kwa saa. Umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili, na kwenye changarawe tairi hutelezea juu ya vijiwe badala ya kushika ardhi.

Kikomo kisichopimika ni sawa na kutokuwepo. Kama trafiki wanaweza kukusaidia kwa tochi yao, vizuri. Kama hawawezi, tumia saa za kusimamisha na umbali uliopimwa kwa utepe. Pima mita 100 ndani ya piti, uweke mti wa rangi mwanzo na mwisho. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hutumia sekunde 12 kamili kuumaliza umbali huo. Sasa fikiria kidole cha binadamu: anayebonyeza saa anaweza kuchelewa au kuwahi kwa sehemu ya sekunde mwanzoni na tena mwishoni. Akikosea kwa nusu sekunde na kusoma 11.5, hesabu itaonyesha kilomita 31.3 kwa saa, na dereva asiye na kosa ataadhibiwa. Kwa sababu hiyo weka kanuni kwamba adhabu inaanza pale muda unapokuwa chini ya sekunde 11, ambao ni sawa na takribani kilomita 32.7 kwa saa, na wapimaji wawe wawili, kila mmoja na saa yake, bila kuonyeshana kabla ya kuandika. Wakitofautiana, uchukuliwe muda mrefu zaidi, yaani ule unaompendelea dereva.

Usijaribu kupima kwa mita 50 kwa kuwa piti ni fupi. Kosa lile lile la nusu sekunde hapo linaibadilisha kasi ya kilomita 30 kuwa karibu 33, nawe utakuwa umelifanya jopo liamue kwa kubahatisha. Afadhali kurefusha piti. Madereva nao wapewe nafasi, kabla ya mazoezi, ya kupita piti mara kadhaa wakiambiwa muda wao, maana katika magari mengi ya mitaani kipima mwendo hakiaminiki kwenye kasi ndogo, na dereva anatakiwa aijue kilomita 30 kwa mlio wa injini na gia aliyomo.

Hatua ya nne: kulipokea gari, kulihudumia na kuliachia

Hapa ndipo dereva na mafundi wanapoumizana, kwa hiyo kila timu ifanye zoezi mara nyingi kabla ya siku. Gari linapokaribia, mtu mmoja tu asimame mahali ambapo pua ya gari inapaswa kuishia, akiwa ameinua mti wenye kibao kinachoonekana. Huyu ni fundi wa ishara, na kuanzia hapo dereva hamsikilizi mtu mwingine. Wengine wabaki nyuma ya mstari wa kituo hadi magurudumu yatakapoacha kuzunguka. Gari likisimama, dereva atoe gia na kukanyaga breki. Jeki iingie sehemu ngumu iliyowekewa alama ya rangi. Chini ya jeki uwepo ubao mpana, kwa kuwa mchanga wetu huimeza jeki taratibu, na fundi aliyeingiza mkono chini ya gari hatajua hadi gari limkalie.

Nati zifungwe kwanza kwa mkono hadi zikae kwenye uzi, kisha kwa spana kwa mpangilio wa msalaba. Aliyefunga tairi ainue mkono wake mwenyewe juu ya kichwa na kuuacha hapo. Asimwinulie mwenzake, na asiinue kwa sababu anadhani mwenzake amemaliza. Fundi wa ishara ahesabu mikono, atazame kama jeki imetoka na dumu la mafuta limeondolewa, kisha ageuke ayatazame mwenyewe magari yanayokuja kwenye njia ya kupita. Akiona njia ni tupu, ndipo anashusha kibao.

Utaratibu huu unaweza kuonekana wa polepole. Soma yaliyowapata walioukosa. Mwaka 2008 huko Singapore, Felipe Massa akiwa anaongoza, timu yake ilimwashia taa ya kijani huku bomba la mafuta likiwa bado limeshikamana na gari. Akaondoka nalo, akaharibu mbio zake, na mwisho wa msimu akaukosa ubingwa kwa pointi moja. Mwaka 2018 huko Bahrain, Kimi Räikkönen aliruhusiwa kuondoka kabla tairi la nyuma la kushoto halijabadilishwa. Gari likampitia fundi na kumvunja mguu, na timu ikatozwa faini ya euro 50,000. Katika matukio yote mawili dereva alitii ishara aliyopewa.

Dereva naye ana wajibu ambao hawezi kumwachia fundi. Mwaka 2008, katika mbio za Kanada, Lewis Hamilton aliligonga gari la Räikkönen kwa nyuma lilipokuwa limesimama mwisho wa piti kusubiri taa nyekundu, na Nico Rosberg akaja kumgonga Hamilton. Hamilton na Rosberg wote waliadhibiwa kwa kurudishwa nyuma nafasi kumi katika mpangilio wa kuanzia mbio iliyofuata. Macho ya dereva yawe kwenye bendera au taa ya kutokea, na kama vumbi limemfunika mwanabendera, dereva asimame mstarini na asubiri aone. Kutokuona ishara si ruhusa ya kwenda.

Hatua ya tano: petroli na moto

Kama mbio ni fupi, piga marufuku kujaza mafuta wakati wa mbio, na gari lianze na mafuta ya kutosha. Langalanga yenyewe iliacha kujaza mafuta katikati ya mbio kuanzia mwaka 2010, na picha za gari la Jos Verstappen likiwaka moto pale Hockenheim mwaka 1994 zinatosha kueleza hatari yake. Ikibidi kujaza, injini izimwe, dereva atoke nje, kazi nyingine zote zisimame, na mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto ukiwa umeshatolewa pini ya usalama. Mtungi uwe wa unga au povu. Ndoo ya maji isiwepo karibu, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na moto husambaa nayo.

Madumu yakae kivulini, yakiwa yamefungwa, nje ya njia ya kazi. Sasa rudi kwenye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mabondeni, na kusi huusukuma kuelekea kaskazini. Jiko la mkaa likiwa kaskazini ya madumu, mvuke unalifuata. Likiwa kusini, cheche zinayafuata madumu. Kwa hiyo majiko na madumu visiwe kwenye mstari mmoja wa upepo kabisa. Viweke mashariki na magharibi, na nafasi ya kutosha katikati. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe kwa maandishi makubwa kila kituo.

Hatua ya sita: mkutano wa madereva

Usiwe mrefu. Msimamizi mkuu wa mbio asome kanuni za piti neno kwa neno, aonyeshe bendera zote, atembee na madereva kwa miguu kutoka mstari wa kuingilia hadi mwisho wa mstari wa kutokea, kisha kila dereva na fundi wa ishara aweke sahihi. Jedwali la adhabu lisomwe hapo hapo. Ambaye hakuhudhuria asianze mbio.

Hatua ya saba: kuliunda jopo la waamuzi

Waamuzi wawe watatu, na angalau mmoja awe aliwahi kuendesha katika mashindano. Katika Langalanga, tangu mwaka 2010, jopo huwa na dereva wa zamani, na hilo limesaidia kueleza mambo ambayo asiyewahi kukaa kwenye usukani hawezi kuyajua. Msimamizi mkuu wa mbio asiwe mmoja wao. Yeye huendesha mbio na kuripoti matukio. Wao husikiliza na kuamua.

Miji yetu ni midogo na watu wamefungamana. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ana sauti kubwa kwa mtoto wa dada yake, na si rahisi mtu kumhukumu mpwa wake mbele ya ukoo uliokuja kushangilia. Hakuna aibu katika hilo. Kuna haja ya kulisema mapema. Kila mwamuzi aandike, kabla ya orodha ya madereva kutangazwa, undugu wake, ushemeji wake, biashara zake na madeni yake na yeyote aliye katika timu yoyote. Mwenye uhusiano asikae kwenye shauri la timu hiyo, na mwamuzi wa akiba aliyeandaliwa achukue nafasi. Mfanyabiashara aliyetoa gari au tairi kwa timu asiwe mwamuzi kabisa. Posho ya waamuzi ilipwe na mwandaaji kabla ya mbio kuanza, kwa kiwango sawa, na chakula chao kitoke kwa mwandaaji. Soda ya baridi kutoka kwenye hema la timu inaweza kuwa ni ukarimu tu, lakini dereva aliyeadhibiwa saa moja baadaye ataikumbuka, na atakuwa na haki ya kuikumbuka.

Tena, viongozi wa timu wasiwe na njia ya kumpigia simu msimamizi mkuu au waamuzi wakati mbio zinaendelea. Dunia nzima ilisikia mwaka 2021, katika mbio za Abu Dhabi, viongozi wa timu mbili wakimshinikiza kwa redio mkurugenzi wa mbio Michael Masi wakati gari la usalama, lile linaloyaongoza magari ya mbio kwa kasi ndogo bila kupitana wakati wa hatari, lilipokuwa njiani. Masi aliruhusu magari matano tu yaliyozidiwa mzunguko, yale yaliyokuwa kati ya Hamilton na Max Verstappen, yalipite gari hilo, mbio zikarejea kwa mzunguko mmoja wa mwisho, na ubingwa ukaamuliwa hapo. Baadaye FIA ilimwondoa katika nafasi hiyo, ikaondoa mawasiliano hayo ya moja kwa moja, na kanuni ikaandikwa upya ili iseme wazi kwamba magari yote yaliyozidiwa mzunguko yapite. Kwetu njia ni moja: ujumbe wa timu uandikwe kwenye karatasi na kupelekwa kwa karani wa jopo, ambaye huandika saa aliyoupokea.

Hatua ya nane: kuliandika tukio

Mwanabendera aandike alichokiona, wala asiandike anachokifikiria. Tazama namna mbili za kuandika jambo moja. Wa kwanza ameandika: "Gari 7 limemkata gari 4 kwa makusudi, ni hatari sana." Wa pili ameandika: "Saa 9:42 alasiri, mzunguko wa 11. Gari 7 limetoka kituo cha 3. Gari 4 lilikuwa njia ya kupita, kama mita 6 nyuma. Gari 4 limefunga breki na kusimama. Hayajagusana. Kibao cha kituo cha 3 kilishushwa kabla gari 7 halijasogea. Nilikuwa nimesimama koni ya pili kutoka mwisho." Maandishi ya kwanza yanamwomba mwamuzi akubali hasira ya mtu. Ya pili yanamwezesha kuamua, na tena yanamwonyesha jambo ambalo la kwanza limelificha, kwamba dereva wa gari 7 aliruhusiwa na fundi wake.

Picha za simu zipokelewe, lakini kwa masharti. Ziletwe nzima, kutoka kwenye simu iliyozipiga, si kipande kilichokwisha kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa kipande kinachoanza pale breki zinapofungwa hakionyeshi nani alitangulia kutoka. Timu zote mbili zioneshwe picha ile ile kabla ya kuulizwa lolote.

Hatua ya tisa: kusikiliza na kuamua

Dereva aitwe kwa maandishi yenye kanuni anayodaiwa kuivunja, na aje na mtu mmoja wa timu yake. Mwenyekiti amweleze: "Ndugu dereva, umeitwa kuhusu tukio la saa 9:42 katika piti. Tuambie ulichokiona kabla ya kutoka." Swali liwe wazi namna hiyo. Ukiuliza, "Kwa nini ulitoka bila kuangalia?" umeshahukumu. Liko pia jambo la malezi yetu ambalo mwamuzi mzee lazima alizingatie: kijana akishatoa shikamoo na kukaa mbele ya wazee watatu, huweza kuitikia kila anachoambiwa kwa ajili ya heshima, hata lisilo kweli. Mwenyekiti amwambie bayana kwamba hapa kumpinga mzee si utovu wa adabu, kisha amwache amalize maneno yake bila kukatizwa.

Adhabu zitoke kwenye jedwali, na jopo lisibuni mpya. Kwa mbio ndogo nashauri sekunde 5 kwa kasi ya piti iliyozidi kidogo, adhabu ya kuipita piti, yaani kuingia na kutoka bila kusimama, kwa aliyezidi kilomita 40 kwa saa, sekunde 10 kwa kuliachia gari vibaya, na kusimamishwa mbio mara moja kwa gari linalotembea na tairi lililolegea. Sekunde za adhabu ziongezwe kwenye muda wa mwisho wa gari, hata kama mkosaji ni fundi, kwa kuwa faida ya haraka ile ililiendea gari. Lakini katika rekodi ya dereva mwenyewe yaandikwe makosa yake tu.

Swali gumu ni matokeo. Magari mawili yameachiwa vibaya kwa namna ile ile; moja halikugusa kitu, jingine limemgonga fundi. Je, adhabu zifanane? Nasema zifanane, kwa sababu tendo ni moja na tofauti imeletwa na bahati, na jopo linaloadhibu bahati litawafundisha madereva kwamba hatari isiyozaa ajali inaruhusiwa. Najua ndugu wa aliyeumia hawatalipenda jibu hilo, na matibabu na fidia yake lazima yashughulikiwe kikamilifu kupitia bima ambayo mwandaaji aliikata mapema. Hayo yana njia yake. Nafasi ya gari katika matokeo ina njia nyingine.

Hatua ya kumi: kutangaza kwa wakati

Mwaka 1998 huko Silverstone, Michael Schumacher alimpita Alexander Wurz wakati gari la usalama likiwa njiani. Waamuzi waliiarifu timu yake dakika 31 baada ya kosa, ilhali kanuni iliwapa dakika 25, tena kwa karatasi ya mkono isiyoeleweka ni adhabu ya aina gani. Timu ikamwingiza piti katika mzunguko wa mwisho, na kwa kuwa mstari wa kumalizia ulitangulia kabla ya kukifikia kituo chao, akashinda mbio akiwa ndani ya piti. Adhabu ikafutwa, na waamuzi wote watatu wakarudisha leseni zao.

Kwa hiyo andaa fomu kabla: namba ya gari, kanuni, tukio, adhabu, saa ya uamuzi, saa ya kukabidhi, sahihi ya aliyepokea. Weka muda wa juu wa kuarifu, kwa mfano dakika 20, na jopo likiuvuka, shauri lihamie baada ya mbio na adhabu iwe ya sekunde. Andika sababu japo kwa sentensi mbili, ili shauri kama hilo likitokea mbio ijayo jopo jingine lione lilivyoamuliwa.

Mbio zikiisha, bandika matokeo ya muda ubaoni na uandike saa. Kanuni za FIA zinatoa dakika 30 tangu hapo kwa timu kuwasilisha malalamiko ya maandishi kuhusu matokeo, na ambaye hakuridhika na uamuzi wa jopo hutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya saa moja, kisha huwa na saa 96 za kuiwasilisha. Fuata muda huo huo. Amana ya malalamiko iwe ndogo kiasi ambacho timu ya gereji inaweza kuimudu, na irudishwe yote malalamiko yakikubaliwa. Katika dakika hizo 30 magari matatu ya kwanza yakae mahali pamoja chini ya ulinzi, bila fundi kuyagusa, kwa sababu ukaguzi ukiombwa baada ya gari kuondoka hauna maana. Vikombe vibaki mezani vikiwa vimefunikwa, hata mgeni rasmi akiwa na haraka. Dakika zikitimia bila karatasi kuletwa, mwenyekiti wa jopo na msimamizi mkuu watie sahihi matokeo ya mwisho, nakala moja ibandikwe ubaoni, moja iende AAT, na moja ibaki na daftari la wanabendera kwa ajili ya jopo litakalofuata.